Somo la Kikundi: Askari Alinde Njia, Nani Agawe Chakula?



Tulipotembelea kikundi kimoja cha kina mama hivi karibuni, mama mmoja alituuliza swali likatunyamazisha. Alisema, "Nyinyi mnatufundisha mambo ya mbuzi na akiba, sawa. Lakini kwenye redio kila siku ni majeshi ya amani, majeshi ya amani. Hao askari na hao watu wa misaada, ni nani mkubwa wa mwenzake?" Tulimwahidi somo, nalo ndilo hili. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mkifika penye swali msimame mjadiliane kabla ya kuendelea.

Tumechagua Somalia ya miaka ya 1992 na 1993. Ni jirani yetu, na wazee wetu wanakumbuka ndege za mizigo zikiruka kutoka Mombasa. Sisi wakati huo tulikuwa bado watoto wa shule.

Hali ilikuwa hivi. Rais Siad Barre alikimbia Mogadishu Januari 1991. Waliomfukuza wakageukiana wao kwa wao, na kuanzia Novemba mwaka huo watu wa Ali Mahdi Mohamed na wa Jenerali Mohamed Farah Aidid wakapigana kwa mizinga katikati ya mji. Huko kusini, kati ya mito Juba na Shabelle, wanaishi wakulima. Majeshi yalipita mashambani mwao, leo upande huu, kesho upande ule, yakibeba nafaka na mifugo. Ukame ukaja juu ya hayo. Kwa hiyo waliokufa njaa kwa wingi ni wakulima, watu wa jembe kama sisi. Mji wa Baidoa ulifika mahali pa kuitwa mji wa mauti.

Chakula cha msaada kilikuwepo. Shida ilikuwa kukifikisha. Gunia la mchele lilikuwa ni pesa, na mwenye bunduki alilitaka. Hapa Msalaba Mwekundu walifanya jambo la busara: walifungua majiko zaidi ya 900, wakapika, wakalisha watu zaidi ya milioni moja. Kwa nini kupika? Kwa sababu gunia huibwa likauzwa, lakini uji uliokwisha kuiva nani atauiba akauuze wapi? (Simameni hapa. Je, kikundi chenu kinacho kitu ambacho kingekuwa salama zaidi kama kingebadilishwa sura?)

Hata hivyo lori la kuleta huo mchele lilipaswa kupita barabarani. Mashirika yaliajiri vijana wenye bunduki kulinda mizigo, na hata Msalaba Mwekundu, ambao hawakuwahi kufanya hivyo, walikubali. Basi ulinzi ukageuka biashara. Yule anayekulinda leo ndiye atakayekuibia kesho ukichelewesha mshahara. Agosti 1992 Marekani ilianza kusafirisha chakula kwa ndege za jeshi kutoka Mombasa. Lakini ndege hushusha mzigo uwanjani, haifiki kijijini.

Tarehe 3 Desemba 1992 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 794, kuruhusu majeshi yaende kulinda misaada. Tarehe 9 wanajeshi wa kwanza wakashuka Mogadishu. Baadaye walifika kama 37,000, kutoka nchi zaidi ya ishirini, wakiongozwa na Wamarekani.

Sasa fikirini kidogo. Huku kuna jeshi, mtu wa chini hangoji kueleweshwa, amri ikitoka imetoka. Huku kuna makumi ya mashirika, kila moja na bosi wake, pesa zake na desturi zake, na hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Wanajeshi waliwaona watu wa misaada kama watoto wasio na mpango. Watu wa misaada waliwaona wanajeshi kama wageni waliofika jana wakitaka kuwafundisha wenyeji njia ya kisima. Wote walikuwa na ukweli kidogo.

Dawa iliyopatikana si kubwa. Ilikuwa mkutano. Pale Mogadishu palifunguliwa kituo cha pamoja cha raia na wanajeshi, na kila siku walikutana. Shirika linasema: tuna malori kadhaa, tunataka kwenda Baidoa, tunaomba walinzi. Askari anajibu: njia hii ina mabomu ya ardhini, ngojeni, au piteni ile. Nchi ya kusini iligawanywa sehemu tisa, kila sehemu na kikosi chake, ili shirika lijue wa kumwuliza ni nani.

Msidhani mambo yalikuwa matamu. Ugomvi mrefu ulikuwa juu ya bunduki za wale walinzi wa kuajiriwa. Askari wa kizuizini anazinyang'anya, kwa sababu ameambiwa akusanye silaha. Kesho shirika linaporwa, linakuja kulalamika. Wakatengeneza kadi zenye picha za kuwatambulisha walinzi, kisha kanuni ikabadilishwa, na askari wa kizuizi kingine hana habari. Sisi tunaoketi na kamati za maji tunaujua ugomvi wa namna hii. Uamuzi unafanywa mkutanoni, lakini yule anayeshika ufunguo wa bomba hakuambiwa.

Baidoa ilikwenda vizuri zaidi kuliko mahali pengi. Kuanzia Januari hadi Mei 1993 kikosi cha Australia, watu mia tisa hivi, kilikaa huko. Walisindikiza malori hadi vijijini na kulinda wakati wa kugawa. Mashirika yalibaki na kazi ya kugawa. Waaustralia pia walisaidia kufufua polisi na mahakama ya wenyeji, maana walijua wao wataondoka. Katika somo hili tunalipenda jambo hilo kuliko mengine yote.

Halafu mambo yakageuka. Mei 1993 kazi ilikabidhiwa kikosi kipya cha Umoja wa Mataifa, chenye askari wachache na kazi kubwa zaidi: kunyang'anya silaha na kujenga serikali. Tarehe 5 Juni askari 24 wa Pakistan waliuawa Mogadishu. Wengine wao walishambuliwa mahali walipokuwa wakilinda ugawaji wa chakula. Baada ya hapo majeshi yalianza kumsaka Aidid. Tarehe 12 Julai helikopta zilipiga nyumba ambamo watu wa upande wake walikuwa wamekutana, na kati ya waliokufa walikuwemo wazee. Waandishi wa habari waliokimbilia hapo waliangukiwa na hasira ya watu, wanne wakauawa. Wawili kati yao ni Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia. Hawakuwa na bunduki, walikuwa na kamera na kinasa sauti. Lakini siku hiyo nani angeuliza? Mgeni alikuwa mgeni tu. Oktoba wakafa Wamarekani 18 katika pigano moja, na Machi 1995 kikosi cha Umoja wa Mataifa kikaondoka kabisa, serikali bado haipo.

Msituelewe vibaya, hatusemi majeshi yasingeenda. Barabara zilifunguka na watu wengi walipona. Tunasema kwamba askari alipokuwa mlinzi wa njia, mwenye chakula alikuwa salama pamoja naye. Alipokuwa upande mmoja wa vita, bendera ya mwenye chakula haikumkinga tena.

Mwaka 1994 nchi na mashirika yalikubaliana kanuni, zinaitwa Kanuni za Oslo. Zinasema vifaa vya jeshi vitumike katika maafa pale tu ambapo raia hawana njia nyingine, na kazi iongozwe na raia. Si kila mtu amezifuata. Huko Afghanistan, mwaka 2004, wanajeshi walisambaza karatasi zikiwaambia watu watoe habari za maadui ili waendelee kupata misaada. Mwezi Juni mwaka huohuo wafanyakazi watano wa Madaktari Wasio na Mipaka waliuawa, na Julai shirika hilo likatangaza kuondoka baada ya miaka 24.

Tena tusiwasemee Wasomali na Waafghani peke yao. Tumewahi kuwa kwenye kituo kimoja cha kugawa mahindi wakati wa ukame, askari wenye bunduki wakaletwa kutuliza watu. Fujo ilikwisha, kweli. Lakini tulipohesabu jioni, kina mama wajane walioandikwa walikuwa hawajachukua. Walisimama mbali chini ya miti wakarudi nyumbani. Askari hakumkataza mtu, na sisi hatukuwa tumemwambia asimame wapi.

Maswali ya kujadiliana: Msaada ukiletwa kwenu na walinzi, ni nani aandike majina, na walinzi wasimame wapi? Kati ya chifu, askari, kanisa au msikiti na kikundi chenu, nani akutane na nani kabla lori halijafika? Mlinzi akikosea, mtampelekea nani malalamiko siku hiyohiyo?

Katibu aandike majibu kwenye daftari la kikundi, na yasomwe tena mbele ya mzee wa kijiji kabla ya msimu wa kiangazi.