Hesabu ya Moshi Barabarani



Muhula huu Mwalimu wetu wa Fizikia ametufundisha habari za nishati, nami nikaona mara moja kwamba somo lile lahusu nyumba yetu, iliyo kando ya barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Mdogo wangu ana pumu. Magari yakisongamana jioni, mama hufunga madirisha hata kama joto ni kali.

Wengi hudhani gari liendalo mbio ndilo lenye moshi mwingi. Lakini gari lililo katika foleni huunguza mafuta na haliendi popote. Tena kila likiondoka kisha likasimama, nguvu ile hupotea kuwa joto katika breki, na dereva hukanyaga mafuta upya. Moshi wa dizeli una chembe zisizofika milimita 0.0025. Hizo haziishii puani, bali hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Sasa tupige hesabu. Basi la mita 18, lile lenye kiungo katikati, lachukua watu kama 150. Watu hao wakienda kila mtu na motokaa yake, na tuseme motokaa moja pamoja na nafasi iliyo mbele yake ni mita 6, watajaza mita 900 za barabara, injini 150 zikinguruma! (Hata wakipakiana wawili wawili, ni mita 450.)

Mabasi hayo yalianza kazi Mei 2016, kati ya Kimara na Kivukoni. Wageni husifu ukubwa wake. Mimi nasifu zaidi ile njia yao ya peke yao katikati ya barabara. Bila njia hiyo basi jipya lingekwama sawasawa na daladala kuukuu. Hata hivyo yalianza kwa dizeli, basi moshi haukwisha, ila kila abiria ana fungu dogo zaidi. Gesi asilia hutoa masizi machache kuliko dizeli.

Jambo moja lanitia mashaka. Abiria akingoja kituoni mpaka achoke, kesho hupanda bodaboda, au akipata fedha hununua gari, na mita zake 6 zikarudi barabarani. Jirani yetu amenunua, wala simlaumu, maana hufungua duka alfajiri. Kwa hiyo ile 150 yangu ni kweli basi likija kwa wakati tu.

Likizo iliyopita nilikaa dirishani na mdogo wangu tukihesabu magari. Hatujafika mbali aliniomba nifunge dirisha.