Kupeleka Umeme Kwenye Karakana ya Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia

Katika maboma mengi ya Malakisi, karakana ya useremala, ya kuchomelea vyuma au ya kurekebisha pikipiki hujengwa kando na nyumba ya kuishi. Mara nyingi umeme hufikishwa huko kwa waya mwembamba uliochomekwa kwenye soketi ya jikoni, ukapitishwa dirishani na kufungwa kwenye mti. Njia hiyo huonekana nafuu, lakini waya huo haumudu mzigo wa mashine. Aidha, ganda lake likichubuliwa na ncha ya bati, ukuta mzima wa mabati unaweza kubeba umeme na kumuua anayeugusa.

Jambo la kwanza ni karakana kuwa na laini yake. Laini hiyo ianzie kwenye ubao mkuu wa umeme nyumbani, ikiwa na sakiti breka yake, na iishie kwenye ubao mdogo ndani ya karakana wenye swichi ya kuzima kila kitu. Ajali ikitokea, umeme huzimwa papo hapo bila mtu kukimbilia nyumbani.

Pili ni unene wa kebo. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni volti 240, lakini hupungua kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba. Kwa mfano, mashine ya kuchomelea inavuta ampia 25 na iko mita 40 kutoka kwenye ubao mkuu. Kebo ya shaba ya milimita mraba 2.5, ambayo hutumika kwa soketi, hupoteza takriban volti 18 njiani. Mashine hupata volti 222 pekee, na nguvu iliyopotea hugeuka joto ndani ya kebo. Kebo ya milimita mraba 6 hupoteza volti 7 hivi.

Breka ikijizima mara kwa mara, kuweka kubwa zaidi si suluhisho. Kazi ya breka ni kulinda waya. Breka ya ampia 40 kwenye waya unaomudu 25 huacha waya uungue kabla yake kujizima.

Tatu ni waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano. Waya huu huunganisha mwili wa chuma wa mashine na ardhi ili hitilafu ikitokea umeme ukatike. Fundi apime iwapo karakana inahitaji nondo yake ya ardhini, na aongeze kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampia 30.

Kebo inayopita chini ya ardhi iwe ile iliyokingwa kwa nyaya za chuma. Izikwe angalau nusu mita, mahali jembe haliifikii, na utepe wa onyo uwekwe juu yake.

Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, kazi hii hufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Wakazi wanahimizwa kuomba kuiona leseni kabla ya kulipa, na kudai cheti baada ya kazi kupimwa.

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe kabla ya swichi kuu kuzimwa. Nyaya zilizoanguka ziripotiwe kwa Kenya Power kupitia nambari 97771.