UKUTA WA KOMPYUTA: ULE ULIOMO AU ULE WA KUNUNUA?

Somo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Swali linalowafikia mara kwa mara maofisa wa TEHAMA ni hili: je, ukuta wa moto uliokuja pamoja na kompyuta unatosha, au mtu atafute mwengine wa kununua kutoka kampuni nyengine? Swali ni la maana, kwani jawabu lake linagusa fedha za umma na siri za watu.

Kwanza ni vyema kufahamu ukuta huo ni kitu gani. Kompyuta iliyounganishwa na mtandao ina milango mingi, kila mmoja na nambari yake, na kila programu husikiliza katika mlango wake. Ukuta wa moto ni bawabu wa milango hiyo. Anayegonga bila ya kuitwa hurudishwa. Jawabu la kitu ambacho mwenyewe mtumiaji amekiomba huachwa likapita. Ukuta hauui virusi wala hausomi yaliyomo ndani ya barua. Hiyo ni kazi ya programu nyengine, ingawa wauzaji wengi hufunga zote mbili katika furushi moja na kulipa jina moja.

Somo hili linachukua mfano wa Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, kwa sababu hali ya afisi za huko inafanana na ya afisi zetu nyingi za visiwani: kazi ni kubwa na fundi yuko mbali. Tukuyu, makao makuu ya wilaya hiyo, ni mji ambamo mwavuli huhesabiwa karibu kuwa sehemu ya vazi, nao uko kiasi cha kilomita 70 kusini ya jiji la Mbeya, katika barabara iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Wilaya ina halmashauri, hospitali, skuli, chuo cha ualimu, na vyama vya wakulima wa chai na ndizi. Majina ya wagonjwa, mishahara ya walimu na hesabu za majani ya chai ya mkulima mdogo ni amana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika mwezi Mei 2023, amana hizo zina ulinzi wa sheria pia.

Ama kuhusu ukuta uliomo, historia yake ina funzo. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na ukuta ndani yake, lakini ulikuwa umezimwa, na watu wengi hawakujua hata kwamba upo. Mwezi Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilizunguka dunia kikiingia kwa mlango nambari 135, bila ya mtumiaji kubonyeza chochote. Mwaka uliofuata, Agosti 2004, Microsoft ilitoa marekebisho makubwa yaliyoufanya ukuta huo uwake wenyewe. Wakati ule ulizuia yanayoingia tu, na ndiyo maana kuta za kampuni nyengine zilipendwa sana, kwani ziliweza kuuliza kuhusu yanayotoka. Kuanzia Windows Vista ya mwaka 2007 ukuta uliomo umeweza kudhibiti pande zote mbili, ingawa mpaka leo, usipoagizwa vyengine, huachia yanayotoka yatoke. Kwa hiyo shauri la miaka ile, kwamba ukuta wa bure si ukuta, limepitwa na wakati, japo bado linasikika madukani.

Kilichotokea Uingereza kinastahili kuangaliwa na kila mwenye dhamana ya hospitali. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi WannaCry kiliingia kwa mlango nambari 445, kikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali nyingi za umma za nchi hiyo zilivurugika na miadi ya wagonjwa kwa maelfu ikavunjwa. Marekebisho ya kuziba tundu lile yalikuwa yametolewa tangu mwezi Machi mwaka ule ule. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza ilichunguza, ikasema kwamba, hata kwa taasisi ambazo hazikuweka marekebisho hayo, kuzisimamia vizuri kuta zao zinazoelekea kwenye intaneti kungezikinga. Haikuwa shida ya kukosa ukuta wa ghali.

Sasa turudi Tukuyu, tuseme kwa mfano kuna karani mwenye kompyuta moja anayepata mtandao kupitia simu yake. Kwake yeye ukuta uliomo unatosha, kwa masharti. Uwe umewashwa, athibitishe kwa kuandika neno firewall katika sehemu ya kutafutia ya Windows na kutazama. Kompyuta ikiuliza kama mtandao mpya ni wa umma au wa binafsi, ajibu wa umma, isipokuwa ule wa nyumbani au wa afisini anaoujua. Jawabu la wa binafsi huifungua zaidi kompyuta kwa majirani wa mtandao huo. Programu ikiomba ruhusa ya kupokea wageni na yeye haijui, akatae. Hapa ndipo kuta nyingi zinapobomoka, kwa mkono wa mwenye nyumba. Na marekebisho yawekwe. Tunafahamu kwamba wengi huyazuia ili kuokoa bando, lakini yatengewe siku moja kwa wiki. Wenye Windows 10 wazingatie kwamba huduma yake ya kawaida ilimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Ukuta utaendelea kuwaka, ila matundu mapya ya mfumo hayazibwi bila ya mpango maalumu wa nyongeza.

Je, wa kununua hauna kazi? Unayo, pale penye kompyuta nyingi na mtu wa kuzisimamia zote kutoka meza moja, akaona nani kabisha hodi na programu gani inapeleka nini nje. Lakini ukuta wa namna hiyo hupewa ufunguo wa ndani kabisa ya kompyuta, na kosa la aliyeutengeneza huwa kosa lako. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la kampuni ya CrowdStrike, inayouza ulinzi wa aina hiyo ijapokuwa si ukuta pekee, liliangusha kompyuta kiasi cha milioni 8.5 duniani. Nyingi zilihitaji fundi afike na kuitengeneza moja baada ya moja. Basi ahisabu mtu mwenyewe safari za fundi huyo katika kata za Rungwe, na mvua ile.

Kuna na leseni. Hulipwa kila mwaka, na afisi inayosahau kulipa inaweza kubaki na alama ya ulinzi kwenye kioo na nyuma yake hapana mlinzi. Mbaya zaidi ni nakala za wizi zinazogawiwa kwenye flashi: mtu anaweka bawabu aliyeletwa na mwizi. Wala zisiwekwe kuta mbili katika kompyuta moja kwa kudhani ulinzi utaongezeka; hugombana, na mtumiaji akichoka huzima zote.

Kwa kompyuta za Serikali, mtumishi haruhusiki kuamua peke yake. Apeleke ombi kwa kitengo cha TEHAMA cha taasisi yake, kinachofuata miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kwa upande wa Zanzibar ni Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar. Akiona ukuta umezimwa naye hakuuzima, achomoe waya wa mtandao au azime Wi-Fi, aiache kompyuta ikiwa imewashwa, kisha atoe taarifa siku hiyo hiyo.