Ndege Asiye na Kwao Pengine

Katika misitu ya Uluguru yuko ndege mwenye utosi mweusi na tumbo la manjano, asiyeonekana pengine popote duniani. Kule Bunduki, msitu uliounganisha Uluguru ya Kaskazini na ya Kusini ulikatwa kwa ajili ya mashamba, na viumbe vya mwitu vikatengana. Mwaka 2008 Serikali iliifanya misitu hii kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Twajua ya kuwa mwenye watoto ahitaji shamba. Lakini jembe lisivuke mpaka. Heri akinge udongo wa shamba lake la zamani usichukuliwe na mvua. Maana msitu huo ndio ulishao mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Ukiisha, ndege atahamia wapi? Nasi tutateka wapi?