Namna tornado inavyozaliwa

Leo somo letu ni la upepo.

Zamani Wazungu wa Congo waliita "tornade" kila mvua kubwa inayokuja na upepo mkali. Mmekwisha kuiona: mbingu inakuwa nyeusi upande wa mashariki, vumbi linatimka, baridi inaingia, mihindi inalala chini. Ule si tornado ya kweli. Mvua ikianguka inapoza hewa, na hewa baridi ni nzito. Inashuka kwa nguvu, halafu inatawanyika sawasawa na maji yaliyomwagwa sakafuni. Upepo huo unasukuma upande mmoja tu.

Tornado ya kweli inazunguka. Wala si kile kisulisuli cha vumbi kinachopita uwanjani saa ya jua kali. Mimi nilipokuwa mtoto nilidhani ni kitu kimoja. Kisulisuli hakina wingu, lakini tornado imeshikana na wingu la radi lililo juu yake.

Nchi yenye tornado nyingi kupita zote ni Marekani. Huko hewa ya joto yenye unyevu inatoka kusini, katika Ghuba ya Mexico, inatambaa chini. Juu yake inapita hewa kavu itokayo milima ya magharibi. Hewa ya joto ikipata njia inapanda mbio, kama moshi wa tanuru, inafanya wingu lenye urefu wa kilometa 12 na zaidi. Mawingu marefu hivyo hata kwetu yako, tena mengi. Lakini sikieni neno linalobaki.

Twaa kijiti, ukilaze kati ya viganja vyako viwili. Kiganja cha chini kikae kimya, cha juu ukisukume mbele. Kijiti kinabingirika, sivyo? Basi, mahali ambapo upepo wa chini ni mpole na upepo wa juu ni mkali sana, hewa ya katikati inabingirika vivyo hivyo, imelala kama gogo. Gogo hilo halionekani kwa macho, wala halimdhuru mtu. Lakini hewa ya joto inayopanda ikilikuta, inaliinua, linasimama. Sasa wingu lenyewe linazunguka, upana wa kilometa kadhaa. Tena wingu hili halifi upesi kama mengine, kwa sababu mvua yake inaanguka kando, haizibi njia ya hewa inayopanda. Laweza kuishi saa nyingi.

Mengi ya mawingu hayo hayazai tornado. Katika yale yanayozaa, hewa baridi inashuka nyuma pamoja na mvua, inaanza kuzunguka karibu na ardhi. Hewa inayopanda inaivuta juu, mzunguko unabanwa na kuwa mwembamba. Mwangalie mtoto anayejizungusha, amenyosha mikono: akiivuta kifuani, anazunguka mbio zaidi. Upepo ukibanwa hivyo waweza kupita kilometa 300 kwa saa, na nyumba ya matofali haisimami mbele yake.

Tarehe 18 ya mwezi wa tatu, mwaka 1925, tornado moja ilianza katika jimbo la Missouri saa saba ya mchana. Ikapita Illinois, ikafika Indiana, mwendo wa kilometa 350 kwa saa tatu na nusu. Ikaua watu 695; katika mji wa Murphysboro peke yake watu 234. Wengi hawakuitambua, maana ilifunikwa na mvua na vumbi, ikaonekana kama ukungu mzito unaochemka. Tena hakuna aliyewaonya. Wakati ule ofisi ya hali ya hewa haikutumia neno tornado katika matangazo, kwa kuogopa kuwatia watu hofu. Katazo hilo liliondolewa baada ya miaka mingi.

Katika West Frankfort, mji wa makaa ya mawe, wanaume wengi walikuwa chini ya ardhi. Umeme ukakatika. Wakapanda kwa njia nyembamba ya kutokea, wakakuta nyumba zao zimevunjika, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto.

Leo radari inaona wingu likizunguka, watu wanaambiwa dakika chache mbele. Wanashuka katika chumba cha chini ya nyumba, au wanaingia chumba cha katikati, mbali na madirisha.

Kwetu, karibu na mstari wa katikati ya dunia, upepo wa juu haupiti sana ule wa chini kwa nguvu. Ndiyo maana tornado ya kweli ni adimu. Upepo ule wa kusukuma, huo ndio wetu, pamoja na radi. Ukisikia ngurumo, toka shambani uingie nyumba imara, usisimame chini ya mti. Na mabati yafungwe kwa waya kwenye miti ya paa. Wengi wanaweka mawe juu ya bati, wanasema yatosha. Upepo ukiinua bati, jiwe linaanguka ndani, pale watoto wanapolala.