Mbona wenzangu wanapanda na mimi nimebaki?

SWALI: Mimi ni mkuu wa kitengo katika benki moja hapa Muscat. Vijana wa kiume niliowafundisha kazi leo ndio mameneja wangu. Kasoro yangu ni nini?

JIBU: Dada yangu, kasoro si yako. Sheria zimesogea: Oman ilimpata Rawya Al Busaidi, mwanamke wa kwanza kupewa wizara, mwaka 2004, na sheria ya kazi ya 2023 inatoa siku 98 za likizo ya uzazi. Kilichobaki ni wasta, kule kujuana. Majina ya wanaopandishwa hutajwa kwanza usiku kwenye majlisi, baraza za wanaume, kwa kahawa na tende, nawe hupo. Ikija safari ya kikazi, bosi anakuamulia: “Ana watoto, tusimsumbue.” Huo si wema hata kidogo, ni kukunyima uzoefu utakaodaiwa baadaye.

Omba kwa maandishi kazi yenye faida inayohesabika, kama mikopo au usimamizi wa tawi. Wanawake wengi hupelekwa rasilimali watu, na huko ngazi hukatika mapema. Tafuta pia mkubwa atakayelitaja jina lako usipokuwepo. Na wiki hii hii, mwambie bosi wako kwamba uko tayari kusafiri.