Somo la Tisa: Je, Mwanafunzi Aache Kibarua ili Acheze Poka?

Lengo la somo. Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kulinganisha kipato cha kibarua na kipato kinachotarajiwa katika mchezo wa karata uitwao poka. Aidha, ataelewa kwa nini ushindi wa wiki chache si sababu ya kutosha ya mtu kuacha kazi.

1. Swali lenyewe

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo mwenye kibarua katika duka la steshenari. Hufanya kazi saa 15 kwa wiki na hulipwa shilingi 2,000 kwa saa. Kwa muhula wa wiki 16 hupata shilingi 480,000, ambazo humlipia nauli, chakula na sehemu ya kodi ya chumba. Usiku hucheza poka kwa simu, nako hutumia saa 15 kwa wiki. Katika wiki sita zilizopita, dukani amepata shilingi 180,000, na katika karata amepata faida ya shilingi 200,000. Anajiuliza: kwa nini nisiache duka na kucheza kwa saa zote 30?

Swali hili si la kipuuzi, wala halistahili kujibiwa kwa kukemea. Linastahili hesabu.

2. Poka ni mchezo wa namna gani

Poka huchezwa kwa karata 52. Katika aina inayochezwa zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi mezani kwa matumizi ya wote. Katika kila hatua mchezaji huweza kuongeza dau, kulifuata dau la mwenzake, au kujitoa. Kipindi cha tangu karata zigawiwe hadi mshindi achukue fungu la fedha tutakiita mgao.

Ni kweli kwamba ustadi una nafasi yake. Ajuaye wakati wa kujitoa hupoteza kidogo kuliko asiyejua. Lakini ustadi huo hufanya kazi polepole, na bahati hufanya kazi upesi. Jozi ya ree, ambayo ndiyo bora kuliko karata zote mbili za mwanzo, hupatikana kwa wastani mara 1 katika migao 221. Hata hiyo, ikipambana hadi mwisho na karata zozote za mpinzani mmoja, hushindwa takriban mara 15 katika kila 100.

3. Mwenye meza hulipwa kwanza

Katika kibarua, fedha hutoka kwa mwajiri na kuja kwa mfanyakazi. Katika poka, fedha ya mshindi hutoka mifukoni mwa wachezaji wenzake. Kasino au tovuti haichezi. Hukata sehemu ya kila fungu, na haijali ni nani ameshinda.

Tuseme wachezaji sita wameketi, kila mmoja na shilingi 20,000. Mezani pana jumla ya shilingi 120,000. Fungu la wastani ni shilingi 2,000, na makato ni asilimia 5, yaani shilingi 100 kwa kila mgao. Kwenye simu migao 70 huweza kuchezwa kwa saa moja. Hivyo makato ni shilingi 7,000 kwa saa. Iwapo hakuna atakayeongeza fedha mpya, baada ya saa 17 hivi fedha zote za wachezaji sita zitakuwa zimehamia kwa mwenye meza. Kwa hiyo haitoshi mchezaji kuwashinda wenzake kidogo. Ni lazima awashinde kwa kiasi kinachozidi makato.

4. Hesabu ya muhula mmoja

Sasa tumpe mwanafunzi wetu heshima ya kumdhania kuwa ni mchezaji mzuri kweli. Tuseme kwamba, makato yakishaondolewa, hubaki na wastani wa faida ya shilingi 1,000 kwa kila migao 100 katika meza hiyo, ambayo dau lake la msingi ni shilingi 200. Wachezaji wengi hawafikii kiwango hicho.

Akicheza migao 70 kwa saa, faida yake ni shilingi 700 kwa saa. Dukani hulipwa shilingi 2,000. Kwa saa 15 za kila wiki katika muhula mzima, karata zinatarajiwa kumpa takriban shilingi 168,000, na duka shilingi 480,000.

Tena hizo 168,000 ni wastani tu. Katika michezo ya namna hii ni jambo la kawaida matokeo ya migao 100 kupanda au kushuka kwa shilingi 16,000 kutoka kwenye wastani. Kwa migao 16,800 ya muhula, mtikisiko huo hufikia takriban shilingi 207,000. Maana yake ni kwamba, kati ya wachezaji watano wazuri wa kiwango hiki, karibu mmoja atafunga muhula akiwa na hasara, bila ya kosa lolote la uchezaji.

Je, zile shilingi 200,000 za wiki sita? Kwa migao 6,300 aliyocheza, mchezaji mzuri hutarajiwa kupata shilingi 63,000 tu. Zilizozidi ni bahati. Isitoshe, kati ya watu 100 ambao mwisho wa hesabu hawapati wala hawapotezi, watano au sita huweza kufikia faida hiyo kwa idadi hiyo ya migao. Idadi kama hiyo hupata hasara ya kiasi kile kile, lakini hao hawasimulii. Hivyo wiki sita haziwezi kumwambia mwanafunzi iwapo yeye ni stadi au ni mwenye bahati.

Atasema: nitapandisha dau mara tatu ili nifikie mshahara wa duka. Akifanya hivyo, mtikisiko nao utapanda mara tatu, hadi zaidi ya shilingi 600,000 kwa muhula, naye atakutana na wapinzani wakali zaidi.

5. Mbona wengine wametajirika?

Mfano unaotajwa sana ni wa Mmarekani Chris Moneymaker. Mwaka 2003 alijipatia nafasi katika mashindano makuu ya dunia ya poka kupitia mchezo wa intaneti wenye kiingilio kisichofika dola 100, akaibuka na dola milioni 2.5. Habari hiyo ni ya kweli, lakini isomwe yote. Washiriki walikuwa 839; kwa hiyo 838 hawakutwaa ubingwa. Na mshindi mwenyewe alikuwa mhasibu aliyekuwa na ajira yake. Hakuacha kazi ili ajaribu bahati.

6. Fedha iliyo katika akaunti ya mchezo

Tarehe 15 Aprili 2011 mamlaka za Marekani zilizifunga tovuti kubwa za poka. Wachezaji wa Marekani waliokuwa na fedha katika mojawapo, Full Tilt Poker, walianza kurudishiwa mwaka 2014 tu. Fundisho lake ni kwamba salio linaloonekana kwenye kioo cha simu ni ahadi. Halijawa fedha mkononi.

Nchini Tanzania, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mtu wa umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Anayecheza katika tovuti isiyo na leseni ya Bodi hana mdhibiti wa hapa nyumbani wa kumsaidia tovuti hiyo inapokataa kumlipa.

7. Kile ambacho karata hazitoi

Kibarua hutoa zaidi ya ujira. Hutoa uzoefu, mdhamini wa kutajwa katika maombi ya ajira, na saa ya kufunga. Duka hufungwa saa mbili usiku. Meza ya poka kwenye simu haifungwi, na anayepoteza hushawishika kukesha ili arudishe. Asubuhi ya mtihani haimsubiri.

Wahenga walisema: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Katika hesabu yetu hata hiyo kumi haipo.

8. Uamuzi na mwongozo

Jibu la somo hili ni: asiache kibarua. Ikiwa kibarua kinamzidi na masomo yanadhoofika, apunguze saa za kazi kwa ajili ya masomo, si kwa ajili ya karata. Mwenye umri unaoruhusiwa ambaye bado anapenda mchezo huu azingatie yafuatayo:

(a) Atenge kiasi ambacho akikipoteza chote hakitagusa ada, chakula wala kodi. Kikiisha, mchezo wa muhula umekwisha.

(b) Asitumie mkopo wa masomo. Fedha hiyo ni deni, na litadaiwa hata kama imeishia mezani.

(c) Asikope, wala asiweke rehani simu au kompyuta.

(d) Aandike katika daftari kila kiasi alichoingiza, alichotoa na saa alizotumia. Kumbukumbu ya kichwani huhifadhi ushindi na kusahau hasara.

(e) Akiona anaficha hasara, anakosa vipindi, au anaongeza dau ili arudishe alichopoteza, aache mara moja na amwone mshauri wa wanafunzi wa chuo chake au mtu mzima anayemwamini. Mzazi au mlezi atakayeletewa habari hizo amsikilize kwanza. Hasira humrudisha kijana kwenye usiri.

Maswali ya kujipima

1. Ikiwa makato ni shilingi 150 kwa mgao na migao ni 60 kwa saa, wachezaji wote kwa pamoja hulipa kiasi gani kwa saa tatu?
2. Kwa nini faida ya wiki sita haithibitishi ustadi wa mchezaji?
3. Orodhesha matumizi yako ya lazima ya muhula huu. Ni lipi kati ya hayo ungekuwa tayari kuliweka mezani leo usiku?